Mabega Yangu Mapya

Kaka,

Salamu nyingi. Mimi mzima, cherehani haipoi, na paka wako amezaa tena kabatini.

Umeambiwa nimenenepa. Ni kweli. Asubuhi nakula mayai, mchana maharage, na kabla ya kulala uji wa karanga, hata kama nimeshiba. Jioni nakwenda kunyanyua vyuma na vijana wa gereji. Mwanzoni walinicheka, siku hizi wananipisha. Magauni yangu yote nimeyafumua mabegani. Shangazi anauliza nani atanioa na mikono hii. Nimemwambia anayeiogopa asije.

Mama alipopooza ulipiga simu ukasema apelekwe kwenye nyumba ya wazee, kwa sababu mimi, Njiti kama unavyoniita, siwezi hata kumgeuza kitandani. Siku ile ulikuwa unasema kweli.

Jana nilimbeba Mama peke yangu kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani. Alinishika shingo, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaomba chai.

Kwa hiyo tafuta sababu nyingine. Ukiipata, njoo uiseme mbele yake.

Mdogo wako,
Njiti