Kiganja Sikioni

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Mabwerebwere tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini sikukukaripia kwa zile ishara za vidole ulizoonyesha kwenye picha, wakati baba yako alifoka.

Nilipokuwa na umri wako kule Mikumi, mimi na rafiki yangu Tatu tulikuwa na ishara zetu za siri. Kiganja kikiwekwa sikioni, maana yake, "Kimya, kuna hatari." Asubuhi moja nilikwenda shambani na shangazi, ambaye hakuwa anasikia vizuri. Tukamkuta Tatu ametangulia, amesimama kando ya mahindi, ametukazia macho, kiganja kipo sikioni.

"Mtoto huyu anakejeli uziwi wangu!" shangazi akang'aka, akaokota fimbo na kumwendea.

Tatu hakukimbia wala hakushusha mkono. Machozi yalimtoka tu.

Nilimdaka shangazi kanga, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Sikuthubutu kupiga kelele. Nilimwonyesha kwa kidole: nyuma ya Tatu mahindi yalikuwa yanalala, na mgongo wa tembo ukatokeza. Tulisimama pale, tumebana pumzi, mpaka alipogeuka na kuelekea porini.

Shangazi aliiachia fimbo, akamshika Tatu mabegani.

"Mwanangu," akasema, "nifundishe na hizo nyingine."

Nyingine zilikuwa za kumteta yeye. Tulimfundisha hizo pia.

Wasalimie wote hapo kwenu.

Bibi yako, Mwajuma