Mzigo wa Nyanya Usiotosha Maduka Mawili

Mpendwa Bi Nasima, naomba msaada wako, maana wema niliotendewa umegeuka mtihani na sijui nimgeukie nani. Mimi na mume wangu Alamin tuna duka la mboga hapa mjini Fridley, huku ughaibuni, na msimu huu wa baridi umetutesa, kwanza jalidi, yaani umande wa barafu, iliunguza mashamba ya nyanya huko kusini, bei ikapanda mpaka wateja wakawa wanashika nyanya, wanaitazama, wanairudisha, halafu wiki ya kuelekea Ramadhani dhoruba ya theluji ikafunga barabara na lori lenye mzigo wetu likakwama njiani, lilipofika sukuma wiki ilikuwa imeganda, na nyanya zilipoyeyuka zikawa maji matupu, nikakaa kwenye duka tupu nikalia kwa sababu nilijua watu watakuja kununua vitu vya futari na sina la kuwapa.

Sasa, Bi Nasima, kuna dada mmoja Mmeru, Kendi, ana duka kama letu kule mji jirani wa New Hope, na kusema kweli tunagombea wateja walewale, lakini aliposikia yaliyotupata alikuja na gari lake kwenye theluji ile, hita imewashwa, makreti ameyafunika blanketi kama watoto, akatugawia nusu ya mboga zake kwa bei aliyonunulia yeye, na nilipojaribu kukataa akaniambia, "Mfungo wenu hautangoja barabara zisafishwe." Kila mteja aliyetoka na mfuko siku ile, nilimwombea Kendi dua.

Shida imekuja juzi. Harrison, anayetuletea mboga za jumla sote wawili, alipiga simu akasema mpaka mashamba yapone mzigo hautoshi maduka mawili, na kwa kuwa sisi huagiza zaidi atatuuzia sisi mzigo wote, Kendi atafute kwingine, na kwingine hakuna. Alamin anasema tuchukue, tuna watoto na kodi ya duka, na biashara haina undugu. Si mtu mbaya, ameogopa tu. Nikikubali nitakuwa nimemfungia duka mtu aliyeliokoa langu, nikikataa nitawaumiza wanangu, na Harrison anasubiri jibu. Nifanyeje?

Ruqayya, Fridley

*

Ruqayya mwanangu, pole kwa mtihani, na umshukuru Mungu kwa mtu kama huyo. Lakini nitakukemea kidogo. Umeniandikia mimi nisiyeuza hata kitunguu, na Kendi mwenyewe hujamwambia neno. Dua ni nzuri; naye anastahili pia kupigiwa simu.

Mzigo uchukue wote. Ukiukataa, Harrison ataupeleka kwa mtu wa tatu na mtakosa nyote. Ila zungumza na Kendi kabla ya kumjibu Harrison, umwambie nusu ni yake, kwa bei ya kununulia, kama alivyokufanyia. Harrison naye mweleze waziwazi; mzigo ukishalipiwa, mwenye mali ndiye anayegawa. Wateja waambieni ukweli, kwamba nyanya zimepanda kwa sababu ya jalidi, si kwa tamaa yenu, na muwawekee kabichi, karoti na viazi, ambavyo havisumbuliwi sana na baridi. Mchuzi wa nyanya chache haujaua mtu.

Mumeo usimgombeze, bali umtume. Apeleke makreti New Hope yeye mwenyewe. Ni rahisi kusema biashara haina undugu ukiwa hujawahi kukanyaga dukani kwa mwenzako.

Kwa kuwa jambo lilikuwa la haraka, nilimsomea Ruqayya jibu hili kwa simu kabla ya kulichapa, na jana amenijulisha yaliyotokea. Alamin alipeleka makreti New Hope shingo upande. Theluji ikamchelewesha, magharibi ikamkuta kwa Kendi, naye na mumewe wakamwekea tende na uji, wakakaa naye mpaka akamaliza. Aliporudi Fridley alimwambia mkewe, "Msimu ujao tuagize pamoja na dada Kendi," akachukua kofia yake akaenda tarawehe.