Hesabu za Rawda

Mombasa, kambini, Machi 1994

Kaka Sharif,

Barua yako tumeipata, nasi tu wazima. Turubai linavuja, lakini hilo hukuuliza.

Karatasi za hesabu za binti yako Rawda nazo zimerudi, umezisahihisha kwa wino mwekundu. "Ovyo. Rudia." Mwalimu mkubwa wewe! Huko Ulaya hujaandika hata neno moja kuuliza kikohozi chake.

Amerudia. Kila alasiri akitoka foleni ya maji hukaa juu ya ndoo na kile kitabu chako cha mazoezi mchanganyiko, akafanya sehemu, asilimia na pembetatu. Juzi akafika swali la mashua ibebayo kilo mia nane. Mizigo ni mia tatu na kila abiria ni hamsini, wapande wangapi?

Akaweka kalamu chini. "Shangazi, siku tulipotoka Kismayu, mama aliachwa kwa sababu mashua ilijaa?"

Miaka mitatu nimekusitiri, Sharif. Nimechoka.

"Haikujaa watu," nikamwambia. "Baba yako alipakia masanduku mawili ya vitabu, akamwambia mama yako asubiri safari ya pili."

Safari ya pili haikuwepo, nawe ulijua. Mkeo hajaonekana hadi leo.

Rawda hakulia. Aliandika kumi, akafunga kitabu. Leo nilipomwuliza nikuandikie nini kwa niaba yake, alisema, "Mwambie karatasi zangu atasahihisha mwalimu wa hapa kambini. Yeye hakumwacha mtu."

Dadako,
Barke