Chupa ya Mwisho wa Bwawa

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila goti langu limeanza ukorofi wake wa masika. Chupa ya mwezi huu ya kupimwa imo kwenye boksi, nimeizungushia magazeti. Mvua ya juzi ilileta bwawani uchafu wa barabara zote, mafuta na vumbi la matairi, lakini matete yangu yameumeza. Maji yanayotokea mwisho wa bwawa ni meupe kabisa. Fundi aliyetuchimbia kisima hapo chini, maji hayo yanakoingia, baada ya majibu yako ya kwanza ya maabara, anajigamba kuwa kisima chake kinayashinda maji ya mfereji. Kasuku wako anakusalimu. Siku hizi anaongea kidogo, nadhani ndiyo kukua.

Mimi baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Nami mzima, kazi tu. Majibu yako ni mazuri tena, madini ya risasi karibu hakuna, na saini nimetia mwenyewe. Bosi ananitania kuwa baba yangu anafuga matete ya miujiza. Lakini bwawa la upande wa pili wa mji lina matete yale yale na magari yale yale, na risasi yake inatisha. Hebu niandikie unavyochukua maji, hatua kwa hatua, usiruke kitu. Na Kasuku anaongea kidogo? Binti yangu huyu aliyekuwa akibishana mpaka na redio?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako limenichekesha, kana kwamba kuteka maji kuna chuo. Nateka kwa kata, nayachuja mara mbili kwa kitambaa cha marehemu mama yako, ndipo natia kwenye chupa. Mgeni humpi maji yenye vumbi, sembuse mwanao wa kumzaa! Kitambaa kinatoka cheusi, nakifua. Sisi wa nyumbani tunakunywa ya kisimani hivi hivi. Kasuku tumbo linamsumbua, na mwalimu anasema amesahau hesabu alizozijua mwaka jana. Nampa maji kwa wingi.

Baba yako

6 Aprili

Baba, shikamoo.

Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Msinywe tena maji ya kisima, hata tone, na kuyachemsha hakusaidii. Sumu ya risasi inasafiri na lile vumbi, na vumbi umelifua na kitambaa. Miaka miwili nimepima maji yaliyochujwa, nikaandika kuwa bwawa ni salama. Waambie majirani wote. Mpeleke Kasuku akapimwe damu leo leo, Ijumaa nakuja kumchukua. Wewe hukujua. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza.

Mwanao

11 Julai

Mwanangu,

Natumaini mnaamka salama. Hii ni barua ya tatu tangu uondoke na Kasuku. Ulichonitumia ni karatasi ya daktari tu, bila neno lako, na sikulaumu. Nesi alinisomea: kilichoharibika kichwani mwa mtoto hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Zamani nilikuwa nalisema hilo kwa kucheka. Kisima tumekifukia. Mke wa fundi ana watoto watatu, na akipita hapa hanisalimu. Naona haya, mwanangu, na ninalia kama mtoto.

Mwambie Kasuku babu anamsalimu, hata kama hatajibu.

Ndani ya boksi kuna chupa ya maji ya bwawa. Sikuyachuja.

Baba yako