Meneja Aliyeitikia Amina

Nyumbani kwetu,
Jumapili jioni, 14 Septemba.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu kutoka chumba chako cha zamani, ambacho sasa kimejaa vitambaa vya wateja wangu. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Barua yako ilifika. Umeniagiza nimwombee binti yako aachane na "mambo ya siasa", abaki na kwaya tu. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa: sijamwombea. Soma kwanza yaliyotokea.

Unakikumbuka kile kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, nyuma ya kanisa. Akina mama wa pasi walikuwa wakifungiwa ndani kwa kufuli mpaka kazi iishe, eti mashuka yasiibwe. Mwezi uliopita waya wa pasi ulishika moto, wakabaki wanagonga mlango na kupiga mayowe. Moto ulizimwa, Mungu mkubwa, lakini hakuna aliyethubutu kulalamika kwa kuogopa kumwaga unga.

Basi binti yako, Kiherehere wetu, maana jina hilo la utotoni limemganda, akamwendea meneja. Akaomba vijana wa kanisa waje kufanya maombi na wafanyakazi wakati wa mapumziko. Meneja akafurahi sana. Mimi nilikwenda kuwabebea ngoma.

Wakaimba, akasali, sote tumefumba macho. Kisha akasema kwa upole ule ule, "Sasa tusikie maombi ya wafanyakazi."

Mama mmoja wa pasi akasema, "Ombi langu, kufuli litoke mlangoni."

Meneja, macho bado kayafumba, akaitikia kwa sauti kuliko sisi sote: "Amina!"

Kaka, niliuma midomo nisicheke. Alipofumbua macho, mlinzi, muumini mwenzetu, alikuwa ameshafika mlangoni na ufunguo. Meneja akafoka kwamba amechezewa. Binti yako hakupandisha sauti. "Mzee, nilikuambia maombi. Haya ndiyo maombi yao." Nilijivunia mtoto huyu mpaka machozi yakanitoka.

Kufuli halijarudi. Lakini meneja amemshtaki kwa wazee wa kanisa, na baadhi yao wanataka kumvua uongozi wa vijana. Watakaa mwisho wa mwezi, na mchungaji amesema watasikia kwanza kauli ya mzazi. Mzazi ni wewe. Ukisema aache, watamvua kwa jina lako.

Hajui kwamba nakuandikia. Yuko uani anafua sare za kwaya, na leo haimbi. Najua unaogopa asijipalie makaa. Hata mimi naogopa, lakini wale akina mama sasa wanafanya kazi mlango ukiwa wazi, na ni mwanao aliyeufungua.

Msalimie wifi na wale mapacha watundu. Mama anasema uvae soksi. Mungu akuinulie uso wake huko uliko.

Uliniagiza niombe, kaka, basi naomba: mpigie mchungaji simu, umwambie binti yako ana baraka zako. Usianze kupimapima. Fanya kama meneja, itikia kwanza, halafu ndipo ufumbue macho.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Mama Cherehani