Jiwe la Kusagia la Engaruka

Mdogo wangu mpendwa Tluway,

Shule sikuiona, unajua. Herufi hizi nimezipata uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu alitaka barua yetu ya kwanza tumwandikie mwenyekiti wa kijiji. Nikamwambia, mwenyekiti naonana naye kila siku, mimi nina mtu wangu. Basi nakuandikia wewe uliyelala Oldeani, kwa sababu ulipokuwa hai nilikudanganya macho makavu.

Unakumbuka nilivyokuja Engaruka, ulipokuwa mlinzi wa ule mji wa mawe? Ulinipandisha mlima jua likichoma, ukionyesha kwa fimbo kama mwenye shamba. Matuta juu ya matuta, misingi ya nyumba juu ya misingi, na mifereji ya maji iliyokauka zamani.

"Dada, hapa palikuwa mji, Karatu ikiwa bado msitu."

"Mji gani hauna hata duka la chumvi?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanishikisha ukuta mmoja uliokalia mwingine wa zamani zaidi, mawe yamepangwa bila tone la udongo. Ukasema, "Aliyejenga juu hakumbomolea wa chini."

Ndani ya nyumba moja nikaliona lile jiwe la kusagia. Sikuona mambo ya kale mimi, niliona jiwe zuri. Katikati lilikuwa limelika kama bakuli. Kazi ya kulilainisha wanawake wa watu walishaimaliza. Nikajisemea, hao wamekufa, hawana njaa. Ulipokwenda kufukuza mbuzi waliopanda kutani, nikalifunga mgongoni kwa khanga, nikajitanda shuka juu yake. Kwenye lori la ndizi mama mmoja wa Kimasai akanipisha nikae.

"Mtoto wako mtulivu," akasema.

"Amelala," nikamjibu.

Kumbe wakubwa wako walikuwa wamelipiga picha. Wakasema umewauzia watalii, wakakufukuza. Ulipanda kwa miguu kutoka Mto wa Mbu mpaka kwangu Endamarariek, ukaniuliza kama nililiona. Nami, jiwe liko jikoni chini ya gunia, nikakujibu, "Kwani kwetu mawe yameisha?"

Ukaenda Oldeani kuchuma kahawa, jina la mwizi likakutangulia. Ulirudi mara moja tu, siku ya mvua, ukaingia jikoni bila hodi. Nilikuwa nimepiga magoti nasaga. Ukalitazama jiwe. Ukanitazama. Nikangoja matusi. Ukavuta kigoda, ukala ugali wote, ukanawa mikono.

"Unga wako laini, dada."

Hukurudi tena. Kifua kikakumaliza hukohuko. Hata mazishini nilisikia mtu akinong'ona, "Ndiye yule wa jiwe." Nilikuwa nagawa chakula. Nikaendelea kugawa.

Mjinga wewe, Tluway! Ungenipiga. Ungenitukana mbele ya wanangu, yakaisha. Umeniachia kimya, na kimya hakimezeki. Wajukuu wananiuliza, "Bibi, mbona huli?" Nawaambia meno. Meno yangu mazima.

Sasa sikiliza. Jumapili, watu wakitoka kanisani, nitasimama mlangoni niwasomee barua hii mwenyewe, kidole juu ya kila neno. Wacheke wakitaka. Jiwe litakuwa miguuni pangu, nimeliosha. Walikuita mwizi hukuwajibu, nitawajibu mimi.

Jumatatu nashuka nalo Engaruka. Nyumba ile naikumbuka, ya tatu kutoka ule ukuta ulionishikisha. Nitaliweka palepale lilipokuwa, na huyo mlinzi wa sasa nitamwambia alilitoa nani.

Mgongoni silifungi tena. Nitalibeba kichwani, shingo bado ninayo, kila mtu alione njia nzima.

Pumzika, mtoto wa mama yangu.

Dada yako,
aliyeliiba