Miche ya Mdogo Wangu Inakufa kwa Mdomo Wangu

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada, na ukicheka cheka polepole maana nimechoka. Mimi nikifungua mdomo hapa kwetu watu wanaacha kazi, nimeshawasimulia nilivyomkimbiza chui kwa ufagio na wakaamini, sasa serikali ikatangaza inalipa watu wapande miti, malipo ya kwanza ukishapanda, ya pili wakija kuhesabu iliyoshika, bwana miti, yule afisa wa misitu, akatuita mkutanoni kutufundisha, na mimi nikakaa nyuma nawachekesha wenzangu kwa habari za chui, sikusikia hata neno. Shule sikwenda, lakini kujifanya najua nimefuzu. Mdogo wangu wa kike, mjane, siku hiyo alikuwa anaumwa hakwenda, akaniuliza, "Kaka, hivi viriba vya plastiki vilivyobeba miche tunavichana au tunafukia navyo?" Nikamjibu, "Fukia navyo, vinatunza maji, mimi nimepanda misitu wewe hujaota meno." Akafukia miche mia nane na viriba vyake, mimi nimesimama kivulini nasifiwa.

Sasa miche imekuwa ya manjano, na ile barabara ya msituni iliyochongwa kwa mpango huo huo wa serikali inapita ubavuni mwa shamba lake, kila lori la magogo likipita utingo anachungulia, "Mama, hiyo umepanda au umeanika?" Juzi nimemkuta amekalia ndoo aliyoipindua, ananiambia, "Kaka, huu mkono wangu una mkosi. Mume nimezika, sasa na miti. Bwana miti akija Ijumaa kuhesabu nitamwambia afute jina langu." Na mimi nilikuwa nimeshang'oa mche mmoja kwa siri nikaona mizizi imejikunja ndani ya kiriba kama bonge la uzi. Nikataka kusema, nikajikuta namsimulia chui. Akacheka kidogo, asinivunje moyo. Nikisema, nani atanisikiliza tena? Nikinyamaza, anafutwa. Nifanyeje?

Babu Domo

MSHAURI ANAJIBU

Babu Domo, pole. Naona hata utani wako umechoka. Lakini chui ulimkimbiza, mdogo wako mbona unamkimbia?

Usiniulize nani atakusikiliza. Mwanamke anaulaumu mkono wake kwa kosa la mdomo wako, na mdomo wenyewe umekaa kimya siku moja tu uliyotakiwa kusema.

Leo, kabla hujala, nenda shambani. Chui mwache nyumbani. Ng'oa mche mmoja mbele yake, mwonyeshe mizizi, mwambie, "Mdogo wangu, mkono wako mzima, mimi ndiye nilikudanganya." Halafu nyamaza. Akikutukana, pokea. Kesho mfuate bwana miti ofisini, usingoje Ijumaa, umweleze ulichofanya wewe, si yeye, na umwombe asogeze siku ya kuhesabu na awapatie miche ya kuziba mapengo. Anaweza kukataa, hilo sikuahidi. Akikataa, angalau jina litafutwa kwa sababu ya kweli. Miche iliyo hai ifukue taratibu, chana kiriba, rudisha udongo. Kuchimba ni wewe, kusimama kivulini umeshasimama vya kutosha.

Na utingo akichungulia tena kuuliza kuna nini, hiyo hadithi mwachie mdogo wako aisimulie. Wewe endelea kuchimba.